Je, Wajua? Kokoto Zinazoelea na Meli Iliyojengwa kwa Zege

Jaza ndoo ya lita 20 kokoto za kawaida, uinyanyue. Hapo una kilo 30 hivi, na mgongo wako utakueleza yaliyobaki. Sasa ijaze ndoo hiyohiyo kokoto za udongo uliochomwa mpaka ukavimba: kilo nane, au tisa ukishindilia. Mtoto wa darasa la tano ataibeba. Zimwage kwenye pipa la maji, zitaelea kana kwamba ni vizibo. Na bado, zikichanganywa na saruji, mchanga na maji, zinabeba maghorofa, madaraja na, kama utakavyoona, ziliwahi kubeba hata shehena za mafuta baharini.

Yote yalianza na tofali lililoharibika

Stephen Hayde alikuwa mchoma matofali wa Kansas City, Marekani, na alikuwa na kero wanayoijua wachoma matofali wa kila mahali: moto ukipandishwa kwa pupa, baadhi ya matofali huvimba, hupinda na hayauziki tena. Tofali la namna hiyo mahali pake ni jalalani. Hayde aliliokota, akalipima, akaona ni jepesi ajabu na bado ni gumu.

Alijaribu kwa miaka kadhaa kufanya kwa makusudi kile ambacho wenzake walikuwa wakikikwepa, na mwaka 1918 akapewa hataza ya kutengeneza kokoto nyepesi kwa kuchoma udongo na miamba laini ya udongo katika tanuri linalozunguka. Kokoto hizo zikaitwa Haydite, kwa jina lake. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa bado inaendelea, naye akairuhusu serikali ya nchi yake itumie uvumbuzi huo bure kujengea meli. Ndiyo, meli za zege. Tutazifikia.

Udongo safi haufai

Ungedhani udongo bora kwa kazi hii ni ule mweupe, laini, usio na takataka. La! Kaolini safi, ya jamii ile inayopatikana kwenye vilima vya Pugu nje kidogo ya Dar es Salaam, inastahimili moto vizuri mno kiasi kwamba haivimbi. Unaotakiwa ni udongo "mchafu" kidogo, wenye chuma na mabaki ya mimea ndani yake.

Siri iko kwenye kuwahi. Joto likifika kati ya nyuzi 1,100 na 1,200, uso wa kidonge cha udongo huanza kuyeyuka na kunata kama kioo laini. Katika dakika zilezile, chuma na mabaki ya mimea vinatoa gesi ndani. Gesi ikitoka mapema inapotea hewani. Ikichelewa, inakuta udongo umeshakuwa uji. Ikitoka kwa wakati wake inanaswa, inasukuma pande zote, na kidonge kinaumuka kama andazi kwenye mafuta: nje gamba gumu la hudhurungi, ndani maelfu ya matundu madogo yasiyoonana. Mita moja ya ujazo ya udongo mbichi inaweza kuzaa mita nne au tano za kokoto. Mwaka 1951 mtafiti wa Marekani aitwaye Charles Riley alichora mchoro wa pembetatu unaoonyesha ni mchanganyiko upi wa kemikali unaovimba na upi usiovimba, na mchoro wake unatumika mpaka leo.

Kwa nini basi mitungi na vyungu vyetu havivimbi? Kwa sababu moto wa wazi wa wafinyanzi kwa kawaida haufiki hata nyuzi 1,000. Mtungi unabaki na vinyweleo vinavyopitisha maji kidogokidogo, na ndiyo maana maji yake ni ya baridi. Ungeuingiza kwenye tanuri la Hayde, ungetoa kitu kingine kabisa.

Meli ya zege ya urefu wa mita 132

Mwaka 1918 chuma kilikuwa adimu na manowari za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli kila wiki. Marekani ikaagiza meli 24 za zege. Zilizokamilika ni 12. Maarufu kuliko zote ni SS Selma, meli ya kubeba mafuta, ndefu kuliko uwanja wa mpira wa miguu. Kuta zake za zege zilikuwa na unene wa sentimita 10 tu, na sakafu yake sentimita 13 hivi, yaani nyembamba kuliko slabu ya nyumba nyingi za ghorofa. Zege la mawe ya kawaida lingeifanya iwe nzito mno, kwa hiyo ndani yake walitia kokoto za Hayde.

Bahati haikuwa yake. Iliteremshwa majini huko Mobile, Alabama, tarehe 28 Juni 1919, siku ileile ambayo Ujerumani ilitia saini mkataba wa Versailles. Vita vimekwisha, meli ya vita ndiyo kwanza inalowa! Mwaka uliofuata iligonga ukuta wa bandari huko Tampico, Mexico, ikapata tobo la urefu wa karibu mita 18. Wakaivuta hadi Galveston, Texas, lakini mafundi wa meli walizoea kuchomelea chuma, siyo kuziba zege. Mwaka 1922 ikazamishwa kwenye maji ya kina kifupi, na ipo hapo mpaka leo, sehemu yake ikichungulia juu ya maji.

Na hapo ndipo utamu ulipo. Kila fundi wa Tanga, Mombasa au Unguja anajua chumvi ya bahari inavyofanya nondo: kutu inavimba, plasta inabanduka, na baada ya miaka michache nguzo inaonyesha mbavu. Nondo za Selma zilifunikwa na zege la sentimita moja na nusu tu. Wahandisi walioikata vipande vya kupima miongo mingi baadaye walikuta nondo nyingi zikiwa na kutu kidogo sana, na zege lenyewe likiwa gumu kuliko lilivyokuwa siku ya kwanza. Saruji hung'ang'ania uso wenye vinyweleo wa kokoto ya udongo kwa namna isivyoweza kulishika jiwe laini lililolala mtoni, kwa hiyo maji ya chumvi hayapati upenyo wa kupita kandokando ya kokoto.

Msingi wa nyongeza ya ghorofa nane ukabeba 14

Mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya simu ya Southwestern Bell ilikuwa na jengo la ghorofa 14 huko Kansas City na ilitaka kulipandisha. Wahandisi wakakagua msingi: kwa zege la kawaida, unaweza kuongeza ghorofa nane, basi. Wakabadilisha kokoto. Wakaongeza 14.

Hesabu yake haihitaji digrii. Zege la kawaida lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa mita moja ya ujazo. Zege jepesi la kujengea lina kilo 1,800, pengine pungufu. Tofauti ni kilo 600, sawa na mifuko 12 ya saruji. Chukua slabu ya mita 10 kwa 10 yenye unene wa sentimita 15: umepunguza tani tisa kwenye ghorofa moja tu, na nguzo za chini hazihitaji kuzibeba tena. Kila ghorofa inayoongezwa inazidisha faida hiyo.

Aliyeicheza hesabu hii kwa ustadi kuliko wote ni Fazlur Khan, mhandisi mzaliwa wa Dhaka aliyefanya kazi Chicago. Jengo lake lililojulikana kama One Shell Plaza huko Houston, lililokamilika mwaka 1971, lina ghorofa 50 hivi na urefu wa mita 218, na lote ni la zege jepesi, hata msingi. Udongo wa Houston ni laini. Kwa zege la kawaida, gharama ileile ingeishia ghorofa ya 35.

Warumi walikuwa wameshafika

Nenda Rumi, ingia Pantheon, inua macho. Kuba la mita 43.3 kutoka upande hadi upande, bila nondo hata moja, limesimama tangu zama za Kaisari Hadrian, karibu miaka 1,900 iliyopita. Mpaka leo halijajengwa kuba lingine la zege lisilo na nondo lililo kubwa kuliko hilo. Mafundi wake walibadilisha kokoto kadiri walivyopanda: chini mawe mazito, katikati vipande vya matofali na mawe mepesi, na juu kabisa, karibu na tundu la kuingizia mwanga, jiwe la volkano lenye matundu, lile ambalo kwetu hutumika kusugulia visigino. Unene nao ukashuka kutoka mita sita hivi chini hadi mita 1.2 juu.

Mahali pengine walitumia ujanja mwingine ninaoupenda zaidi: mitungi mitupu. Katika kaburi la Helena, mama yake Kaisari Konstantino, nje kidogo ya Rumi ya kale, mitungi ya kusafirishia bidhaa ilizikwa ndani ya zege la paa ili kulipunguzia uzito. Mtaa wa hapo unaitwa Tor Pignattara mpaka leo, mnara wa vyungu. Na huko Ravenna, wajenzi wa kanisa la San Vitale, lililowekwa wakfu mwaka 547, waliunda kuba zima kwa mirija ya udongo iliyochomekwa mmoja ndani ya mwenzake.

Vitruvius, mwandishi wa kale wa mambo ya ujenzi, anataja hata miji mitatu, miwili ya Hispania na mmoja wa Asia Ndogo, iliyokuwa na matofali yanayoelea yakitupwa majini. Alikuwa akiandika kabla ya Kristo kuzaliwa.

Kokoto nyepesi zilikuja pwani yetu zenyewe

Tarehe 27 Agosti 1883 mlima Krakatau, kati ya visiwa vya Java na Sumatra, ulilipuka. Ulirusha mawe mepesi mengi kiasi kwamba yaliifunika bahari kwa matabaka, meli zikapata taabu kupita. Kisha mikondo na upepo vikayachukua. Mwaka uliofuata mawe hayo yalikuwa yakiokotwa kwenye fukwe za Afrika Mashariki, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 7,000 kuvuka Bahari ya Hindi bila tanga wala nahodha.

Kinachoyafanya yaelee ni kilekile kinachofanyika ndani ya tanuri la kokoto: gesi inanaswa ndani ya kitu kinachoyeyuka, kisha kinapoa ghafla. Wala hatuhitaji kungoja ya Krakatau. Mlima Rungwe, huko Mbeya, ulimwaga tabaka zito la mawe kama hayo miaka 4,000 hivi iliyopita.

Kilwa ilijengwa kwa jiwe lililokuwa hai

Mafundi wa pwani walikuwa na jiwe jepesi lao, wakalichimba baharini. Tumbawe linapotolewa majini likiwa bichi ni laini, linakatika kwa shoka na kuchongwa kwa tezo. Likikaa juani linakuwa gumu. Limejaa matundu ya viumbe walioliunda, kwa hiyo lina uzito mdogo kuliko mawe mengi ya nchi kavu. Ndiyo maana fundi wa kale aliliweka pale palipotaka wepesi na nakshi, kwenye mihrabu, miimo ya milango na makuba, huku kuta nene akizipandisha kwa mawe magumu ya matumbawe ya nchi kavu na chokaa. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ni ushahidi wa kutosha.

Na kuna jambo moja la uzito ambalo wengi wamelala ndani yake bila kulijua. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na miji mingine ya kale ni virefu lakini vyembamba, upana wake mara nyingi haufiki mita tatu. Sababu siyo ubahili wa mwenye nyumba. Dari ni zege zito la chokaa na mawe lililolala juu ya boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiwezi kuvuka mbali zaidi ya hapo na mzigo wote huo juu yake. Dari ndiyo iliyochora ramani ya nyumba.

Zege linalojimwagilia lenyewe

Anayejenga anaijua kazi ya kumwagilia zege: magunia yaliyoloweshwa, mpira wa maji asubuhi na jioni, siku saba, na kijana wa kumwagilia asipotokea Jumapili, nyufa zinatokea Jumatatu. Sasa sikia hii. Kokoto za udongo zikilowekwa siku moja kabla ya kuchanganywa, hunywa maji na kuyaficha kwenye matundu yake. Zege likianza kukauka, saruji inayavuta maji hayo kutoka ndani, kidogokidogo, kwa siku nyingi. Kila kokoto inakuwa kisima kidogo.

Hili ni jambo kubwa kwa sababu maji ya mpira hayapenyi mbali, hasa kwenye zege zito la kisasa lenye maji machache. Ndani linabaki na kiu, linasinyaa na kupasuka. Mwaka 2005, kwenye uwanja wa makontena ya reli huko Hutchins, Texas, zilimwagwa mita za ujazo 190,000 hivi za zege la namna hii. Haikuwa kwa ajili ya wepesi, sehemu ndogo tu ya kokoto ndiyo iliyobadilishwa. Walichotaka ni maji yaliyofichwa humo.

Hapa mawe yanapanda juu

Kila kibarua anajua kwamba zege likitikiswa kupita kiasi, kokoto huzama na uji wa saruji hubaki juu. Kwa kokoto za udongo mambo yanageuka: zenyewe ndizo nyepesi kuliko uji, kwa hiyo zinaelea na kukusanyika usoni kama karanga kwenye kashata.

Zina vituko vingine pia. Ukilisukuma zege hili kwa pampu kabla kokoto hazijashiba maji, mgandamizo unayaingiza maji ndani ya matundu, zege linakauka ndani ya bomba na pampu inaziba. Boriti yake hunepa zaidi kidogo kuliko ya mawe chini ya mzigo uleule. Tena tanuri la nyuzi 1,100 linakula nishati nyingi, kwa hiyo kokoto hizi ni ghali kuliko mawe ya kupasua. Aliye karibu na machimbo mazuri ya mawe na anajenga nyumba ya chini, sioni sababu ya kuzihangaikia.

Daraja linaloelea juu ya nusu kilomita ya maji

Kaskazini ya mji wa Bergen, Norway, kuna ghuba yenye kina cha takriban mita 500. Nguzo huko ni ndoto. Mwaka 1994 wakafungua daraja la Nordhordland, ambalo sehemu yake ya mita 1,246 inaelea juu ya maboya 10 makubwa ya zege jepesi. Na halina nanga za kando! Limepindwa kama upinde na kushikwa kwenye ncha zake mbili tu.

Wanorwe hawakuishia hapo. Daraja la Stolma, lililokamilika mwaka 1998, lilivuka mita 301 kwa boriti moja ya zege, na kwa wakati wake hakuna boriti ya aina hiyo iliyofika mbali zaidi. Sehemu ya katikati, inayoning'inia juu ya maji, ni ya zege jepesi. Pande mbili za nchi kavu, ambazo ni fupi mno, ni za zege zito, tena zimejazwa changarawe ndani, ili zisinyanyuke. Lile zege jepesi siyo dhaifu: lilipangwa kustahimili mzigo wa kilo 600 hivi kwa kila sentimita ya mraba, yaani mifuko 12 ya saruji juu ya eneo la ukucha wa kidole.

Moto haulishtui

Udongo wa kokoto hizi umeshapita kwenye nyuzi 1,100 kabla hujaununua, kwa hiyo nyumba ikiungua haukutani na jambo geni. Hewa iliyofungiwa kwenye matundu nayo inachelewesha joto kupita. Matofali ya kokoto hizi yanapendwa sana Ulaya ya kaskazini kwa sababu hiyohiyo, ila wao wanazuia baridi isiingie. Denmark ilianza kuzitengeneza mwaka 1939 kwa jina la Leca, na Umoja wa Kisovyeti ukajenga mitaa mizima ya maghorofa kwa kuta zilizotiwa keramzit, jina la Kirusi la kokoto hizihizi. Wapenda maua wanazijua pia: ndizo zile punje za hudhurungi zinazojazwa kwenye vyungu vya mimea isiyotumia udongo wa shamba.

Mtumbwi wa zege una kanuni zake

Mfaransa Joseph-Louis Lambot aliunda mashua ya zege na nyavu za chuma mwaka 1848, na ipo mpaka leo kwenye makumbusho ya Brignoles, kusini mwa Ufaransa. Wanafunzi wa uhandisi wa Marekani wamelifanya wazo hilo kuwa mchezo: tangu mwaka 1988 chama cha wahandisi wa ujenzi wa nchi hiyo kinaandaa mashindano ya taifa ya mitumbwi ya zege, na timu hupiga kasia kwa nguvu zote kwenye chombo ambacho kwa akili ya kawaida kingekuwa nanga.

Kabla ya mbio kuna mtihani. Mtumbwi unajazwa maji mpaka unazama, kisha unaachiwa, na lazima uibuke wenyewe. Kwa hiyo wanafunzi huchanganya zege lililojaa kokoto nyepesi na vipunje vya kioo vyenye hewa, mara nyingi zege lenye uzito wa chini ya kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, jepesi kuliko maji yenyewe. Timu ambayo mtumbwi wake haukuibuka huruhusiwa kurekebisha kwa kuutia maboya ya sponji, na hukatwa alama.